Shakila Mpokea Wageni

Habari za Shakila nitazisimulia mimi, maana ukimwomba mwenyewe atakwambia hana la kusema, kisha atakuuliza kama umekula. Ni binti wa mama yangu mkubwa. Tumelelewa pamoja hapa Newala, na tunafanya kazi kiwanda kimoja cha kubangua korosho, yeye na mimi na wanawake wengine arobaini. Mimi Esha nachambua, nzima huku, vipande kule. Yeye naye alikuwa akichambua meza moja na mimi, mpaka mwaka huu alipojitungia kazi ambayo hakuna aliyemwomba aifanye. Nasema alijitungia kwa sababu nilikuwepo, na nilimwambia aache.

Ilikuwa mwezi wa nne. Mwenye kiwanda, Fortunatus, ambaye sote tunamwita Baba Getrude, alitukusanya baada ya uji wa saa nne, uso umemnawiri. Mashine mpya za kubangulia, zile za kukanyaga kwa mguu, zilikuwa zimefungwa tangu mwaka uliotangulia, na sisi tulikuwa tukizitumia kuharibu korosho za watu. Vipande vilikuwa vingi kuliko nzima. Sasa akasema amepata walimu, wanawake watatu kutoka Nampula, Msumbiji, walioifanya kazi hiyo miaka na miaka. Vibali vya kazi viko tayari. Wataishi nasi mwaka mzima, na kabla ya msimu mpya wa mwezi wa kumi watakuwa wamefundisha wasichana thelathini wa kuajiriwa. Tulipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Siku ile ile wasichana wa mitaani kwetu, waliomaliza shule wakakaa bure, walianza kujaa getini kuuliza kama majina yanaandikwa.

Shakila hakupiga kigelegele. Aliinua mkono akauliza, "Baba Getrude, watalala wapi?"

"Gesti," akajibu Fortunatus. "Wakishazoea watajitafutia nyumba."

"Watazoeshwa na nani?"

Nilimkanyaga mguu chini ya meza. Akausogeza, akaendelea kumtazama tajiri usoni akisubiri jibu.

Swali lile alikuwa amerudi nalo kutoka Maskati, Omani. Alifanya kazi za ndani kule miaka miwili, kabla Khalfan wake hajaanza shule. Hakuteswa, mwenyewe husema hivyo. Chakula alikula na mshahara alipata. Ila hakuna aliyemweleza kitu. Kule wakati wa joto tangi la maji hukaa juu ya paa, jua likalichemsha, na bomba la maji baridi likatoa maji ya kunyonyolea kuku. Wenyeji wanajua la kufanya. Wanazima mtambo wa kuchemshia maji ulio bafuni, maji yaliyomo yanapoa kivulini, na wanaoga kwa bomba la maji ya moto. Watu wa nyumba ile walilijua jambo hilo kiasi cha kusahau kwamba mtu anaweza asilijue. Shakila alioga maji ya kumbabua miezi minne, akidhani ndivyo watumishi walivyopangiwa. Aliyekuja kumwambia ni mtumishi wa nyumba ya jirani.

"Si maji yaliyoniuma, Esha," aliniambia aliporudi. "Waliniona nimebabuka mabega, wakanionea huruma, na hawakukumbuka kuniambia."

Basi siku ile alimfuata Fortunatus ofisini, nami nikamfuata yeye, kwa kuwa nina hulka ya kutaka kusikia. Alitaka aondolewe mezani wiki mbili. Alitaka pikapu ya kiwanda iende kuwapokea wageni Masasi, stendi, siyo waje kupapasa njia wenyewe. Alitaka nyumba iliyo katikati ya watu. Na mkataba, akasema, wasomewe kwa Kimakua kifungu kwa kifungu kabla hawajatia saini, na kama hakuna wa kuusoma atausoma yeye, maana mama zetu ni Wamakua wa Masasi na lugha tumeinyonya kwao.

Fortunatus alivua miwani. "Mama Khalfan, mimi naajiri wafanyakazi au nachukua wake?"

"Ungekuwa unachukua wake, chumba ungeshapaka rangi."

Fortunatus, Mkristo wa mke mmoja na tena anayemwogopa, alicheka mpaka akakubali yote.

Siku ya kuwapokea nilijipa ruhusa nikapanda nyuma ya pikapu. Walikuwa wamevuka daraja la Ruvuma, wakapitia Mangaka, na basi lao likaingia Masasi saa nane jua likiwaka juu ya yale majabali. Wakashuka watatu, vumbi mpaka kwenye kope, wakasimama wameshikana mikono katikati ya kelele za bodaboda. Shakila akawaendea akawasalimu kwa Kimakua. Yule mrefu, ambaye ndiye Anjelina, kiongozi wao, aliachia begi likaanguka. Kimakua chao kimepinda kidogo kuliko cha mama zetu, lakini nani alijali? Njia nzima ya kupanda Newala walizungumza wote wanne kwa pamoja, na mimi nyuma niligonga paa la gari niwaombe waongee kwa sauti nisikie.

Sijawahi kuona wiki mbili zenye pilikapilika kama zile. Shakila aliwapeleka kwa mwenyekiti wa mtaa, wakaandikwa na kupewa mkono. Aliwasimamia wakasajiliwa laini za simu kwa pasipoti zao, na jioni ile ile wakapiga kwao, nyumba nzima ikisikia kilio cha furaha cha upande wa pili. Wale wawili ni Waislamu, akawapeleka msikitini kwetu. Anjelina ni Mkatoliki, akampeleka parokiani, akamkabidhi kwa kina mama wa kwaya. Aliwaonyesha hospitali na sokoni, na muuza ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, asiyepunja. Aliwafundisha shikamoo. Anjelina akaishika vizuri mno, akawa anampa kila mtu, mpaka kijana mmoja wa bodaboda mwenye umri wa mdogo wake akawa anaitikia marahaba kwa kidevu kilichoinuka, siku tatu mfululizo, hadi Shakila alipomfuata kijiweni akamtoa jasho.

Na kazini! Anjelina alikaa kwenye mashine siku ya kwanza, akaigeuzageuza korosho kwa vidole viwili kutafuta mgongo wake, akakanyaga, na kiini kikatoka kizima, na kingine, na kingine. Sisi wa meza ya kuchambua tuliacha kazi tukaenda kutazama. Kufikia mwezi wa nane wasichana kumi na wawili walikuwa wamefuzu mkononi mwake, na sanduku langu la nzima lilijaa kabla ya saa sita. Fortunatus alipita akipiga mluzi, na kwa miaka tisa niliyomjua sikuwahi kusikia mluzi wake.

Nyumba waliyopangiwa ilikuwa vyumba viwili kwenye ua wa Bi Sijaona, mjane, mama yake Jafari. Shakila ndiye aliyeichagua kwa sababu Bi Sijaona ni mtu wa heshima na ua wake una kisima cha mvua. Asiyejua Newala inabidi aelezwe: sisi tuko juu kabisa ya uwanda, mto uko chini kule bondeni, na kuchimba kisima hapa ni kazi bure. Maji ya bomba huja yakipenda. Kwa hiyo mwenye uwezo hujenga shimo la saruji chini ya ua, bati la nyumba likalijaza masika, na shimo hilo ndilo la kumvusha mpaka mvua ya mwisho wa mwaka. Wageni walifika mwezi wa tano, kisima kimejaa hadi mdomoni.

Miezi ikaenda. Kuanzia wa nane niliona hali ya hewa ya watu imebadilika. Wanawake wa mtaa waliokuwa wakipita kwa Bi Sijaona kuchekesha wageni wakaacha kupita. Salamu zikawa fupi. Kazini, wakati wa uji, Anjelina na wenzake walijikuta wamekaa benchi lao peke yao. Shakila aliuliza kuna nini, akajibiwa hakuna kitu. Aliniuliza na mimi. Nikamwambia hakuna kitu.

Alhamisi moja mwishoni mwa mwezi wa tisa Anjelina hakukaa kwenye mashine. Alisimama mlangoni kwa Fortunatus na wenzake nyuma yake, akamwita Shakila atafsiri. Wanaondoka Jumamosi, alisema, basi la alfajiri. Wasichana kumi na wanane walikuwa bado hawajafuzu.

"Mwenye nyumba amehama," alisema. "Juzi ametuachia funguo, akachukua kikapu chake akaenda kwa mwanawe. Nyumba yake mwenyewe. Kwetu, mtu akiwakimbia wageni nyumbani kwake, ama amewaona wachawi, ama amewachoka na anaogopa kusema. Na majirani hawatusemeshi. Hatutaki kungoja tujue ni lipi."

Fortunatus alifungua mdomo akataja gesti. Nusura nimrushie kopo la uji.

Shakila hakungoja. Alitoka mbio na aproni yake, mimi nikimfuata na pumu yangu, mpaka uani kwa Bi Sijaona. Alifunua kisima akashusha ndoo. Kamba ikashuka, ikashuka, kisha ndoo ikagonga saruji, ikarudi na maji ya kikombe kimoja.

Akakaa pale pale ukingoni. "Sikuwaambia," alisema. "Niliwaonyesha mpaka duka la viberiti. Maji sikuwaambia."

Naye angewaambiaje? Mtaani kwetu mgeni haambiwi kuhusu maji. Mgeni utamwambia apumzike, utamwambia chumvi imezidi, lakini kumwambia apunguze maji ni sawa na kumwonyesha mlango. Mama yangu aliwahi kumpa mgeni ndoo ya mwisho aoge, sisi watoto tukalala na vumbi letu. Wanaoambiwa ni watoto wa nyumba, tena kwa kofi. Anjelina na wenzake wametoka penye mto. Mafuta ya ganda la korosho yanaunguza ngozi na kutia weusi nguo, kwa hiyo kila jioni walifua aproni na kuzisuuza mara mbili, wakaoga, wakaosha na baraza kwa shukrani. Bi Sijaona aliwatazama akitabasamu. Kisima kilipokaribia kwisha akaanza kununua madumu ya baiskeli kwa matumizi yake ili wao wasipungukiwe. Aliposhindwa hilo, akawapisha. Majirani waliyaona yote hayo, wakamhurumia, wakawachukia wageni, na hakuna aliyefungua mdomo. Mimi nilikuwa mmoja wao. Niliona, nikanuna, nikamwambia dada yangu hakuna kitu. Naona haya mpaka leo.

Shakila alimweleza Anjelina jioni ile kila neno. Anjelina alisikiliza huku akikunja nguo.

"Wewe ni dada yangu," akasema, "lakini kiwanda kimekupa kazi ya kutubakiza. Kama ni maji, aseme mwenye maji."

Ijumaa asubuhi Shakila alipanda bodaboda mpaka Chiungutwa, anakokaa Jafari. Mimi sikwenda, Fortunatus alininyima ruhusa, ila nimesimuliwa na Shakila mara nyingi. Alimkuta Bi Sijaona uani kwa Jafari anapepeta mbaazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mama Khalfan. Wageni hawajambo? Maji wanayo?"

Shakila akamwomba arudi, awaambie kwa kinywa chake. Bi Sijaona aliweka ungo chini. "Mwanangu, nimwambie mgeni asioge? Kwa umri huu? Watu watanisemaje?"

"Wanaondoka kesho, mama. Wanasema umewakimbia."

Bi Sijaona alipangusa makapi mikononi. "Nimewakimbia?" akasema. "Mimi nimewapisha." Kisha akanyanyuka kutafuta ushungi wake. Hakuahidi kusema lolote. Alisema tu kwamba mgeni hawezi kuondoka nyumbani kwake pasipo mwenyeji wa kumsindikiza.

Njiani Shakila alimpigia Fortunatus, na sijui alimwambiaje, maana tajiri alitoka ofisini mbio akaagiza mapipa. Saa tisa alasiri pikapu ya kiwanda iliingia uani ikiwa imebeba maji, Fortunatus mwenyewe ameshika mpira wa maji, suruali imelowa mpaka magotini, anajaza kisima cha Bi Sijaona. Alitangaza kuwa tangu Jumatatu aproni zote zitafuliwa kiwandani, na nguo ya kazi haitarudi nyumbani kwa mtu tena.

"Lakini hili la maji, Mama Khalfan," alisema akihema, "mbona hukuniambia tangu mwezi wa nne?"

"Wewe ulizaliwa wapi, Baba Getrude? Si hapa hapa? Mbona hukukumbuka?"

Akaendelea kushika mpira.

Usiku walikula pamoja, Bi Sijaona na wageni wake, ugali wa muhogo na kisamvu. Waliulizana hali, wakashukuriana, wakatakiana safari njema. Heshima ilijaa mle ndani hadi nikahisi kupasuka. Nilitaka kusema mimi. Shakila akanifinya paja, nikameza tonge.

Jumamosi kabla jua halijatoka nilikuwa pale. Mabegi matatu yalikuwa barazani, yamefungwa. Shakila alikuwa ameegemea ukuta, macho mekundu, hana la kufanya tena. Bi Sijaona, amemaliza kuswali, ameketi kwenye mkeka na tasbihi yake. Na Anjelina, kwa kuwa amelelewa vizuri kwao na kisima sasa kina maji, alikuwa anaiacha nyumba safi. Alivuta ndoo akasugua chumba cha kwanza, akamwaga maji uani. Akavuta ya pili, akasugua chumba cha pili, akamwaga. Akavuta ya tatu kwa ajili ya baraza.

Niliona tasbihi imesimama. Vidole vya Bi Sijaona havikusogea. Anjelina akainamisha ndoo.

"We Anjelina." Bi Sijaona alikuwa amesimama, na sijui aliinukaje kwa magoti yale. "Ndoo ya tatu hiyo unampa nani, mchanga? Maji hayo yamepanda mlima kwa gari. Hapa hapana mto. Sakafu inasuguliwa kwa maji yaliyooshea vyombo, na yakitoka hapo yanamwagiwa mpapai. Miezi mitano uko kwenye nyumba yangu, kitu kidogo kama hicho hujui? Umelelewa na nani wewe?"

Kisha akajiziba mdomo kwa mikono miwili. Jirani aliyekuwa akifagia upande wa pili wa ua aliacha kufagia.

Anjelina aliweka ndoo chini polepole, bado ina maji nusu. Alimtazama yule mama, akatafuta Kiswahili chake, neno moja moja.

"Na wewe, mama. Miezi mitano. Hukunifundisha."

Bi Sijaona alishusha mikono. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini sauti ilikuwa ile ile ya kugomba. "Basi leta hiyo ndoo hapa. Usiiburuze. Na hao wenzako wawili waite, sitarudia mara mbili."

Walikuja. Aliwasimamisha kwenye mdomo wa kisima mmoja mmoja, akawaonyesha alama ya mwezi wa sita, alama ya mwezi wa nane, kamba inavyopimwa kwa mafundo, maji yapi ya kuogea na yapi ya miguu tu. Kila walipokosea aliwapiga kikofi mkononi, na kila kikofi Anjelina alicheka huku analia. Majirani wakaanza kuingia uani, kwanza mmoja, halafu wanne, kila mmoja na lake la kuongezea. Shakila aliteleza na ukuta ule mpaka akakaa chini, akalia kwa sauti bila kujificha, nami nikakaa kando yake nikamwomba radhi, na nilifurahi siku ile kuliko siku niliyoolewa.

Basi la Masasi lilipita barabarani likipiga honi. Mabegi yalikaa barazani mpaka saa nne, kwa sababu hakuna aliyepata nafasi ya kuyarudisha ndani. Bi Sijaona alikuwa bado anagomba.